Nilivyopata usingizi kwa kupunguza saa za kukaa kitandani

Mtu asiyelala hupewa ushauri uleule na kila anayemhurumia: lala mapema. Nami nikawa nazima taa saa 3:00 usiku, ili hata usingizi ukichelewa nibakiwe na muda wa kuufidia. Nikabakiwa na muda wa kukodolea giza macho. Nilikuwa nikishapitiwa na usingizi, unakatika usiku wa manane, na kuanzia hapo mpaka asubuhi ni mang'amung'amu tu. Wataalamu huhesabu kukosa usingizi kuwa tatizo sugu linapotokea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Mimi nilikuwa nimeshavuka huko.

Dawa nilikuwa nazo, tena mwanzoni zilinilaza fofofo. Baadaye kidonge kilekile kikawa hakinitoshi, na usiku nisipokimeza sipati hata lepe. Daktari akanieleza kwamba mwili huzizoea dawa za jamii ya benzodiazepini, diazepamu ikiwemo, na kwamba aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla anaweza hata kupatwa na degedege. Tukazipunguza kidogokidogo, yeye akinifuatilia. Ratiba yangu ya kupunguza siiandiki hapa. Hilo kila mtu apangiwe na daktari wake. Nilimwuliza pia kama hakuna aina mpya isiyo na mambo hayo. Akanitajia zolpidemu na nduguze, ambazo mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza ziwekewe onyo zito kabisa, kwa kuwa kuna waliozimeza wakaamka kutembea, kupika, hata kuendesha gari bila kujitambua.

Alichonipa badala yake ni karatasi ya kujaza kila asubuhi: nimepanda kitandani saa ngapi, nakadiria nimelala kiasi gani, nimetoka saa ngapi. Hii ni sehemu ya tiba ya fikra na tabia kwa wasiolala, ambayo American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, ilipendekeza mwaka 2016 kuwa ndiyo ianze kwa watu wazima wenye tatizo sugu, kabla ya dawa. Hesabu za karatasi yangu zilikuwa za aibu. Kitandani nilikaa saa 9, usingizi wenyewe ukiujumlisha ulikuwa kama saa 5 na nusu.

"Basi utakaa kitandani saa 5 na nusu," daktari akasema. "Kupanda saa 6:30 usiku, kutoka saa 12:00 asubuhi, liwalo na liwe. Na mchana usijilaze."

Nilidhani hajanielewa. Mimi nalia sina usingizi, yeye ananipunguzia! Lakini mantiki yake ilinikaa. Tangu tunapoamka, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyorundikana ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Usingizi ni kama njaa: anayedokoadokoa tangu jioni hali chakula cha usiku kikamshibisha. Mimi nilikuwa nadokoa.

Wiki ya kwanza sitaki kuipamba. Kilichonishinda karibu kabisa hakikuwa asubuhi bali ile saa moja ya mwisho kabla ya kuruhusiwa kupanda. Nikiketi tu, nasinzia. Nikawa napiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi, na kusoma nimesimama. Gari sikuligusa, na mwenye kazi ya mashine au ya barabarani asijaribu haya kienyeji. Vivyo hivyo mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia wa baipola, maana kunyimwa usingizi kunaweza kuuamsha ugonjwa.

Wiki iliyofuata ndipo nilipoanza kulala usingizi wa pono. Mfupi, ndiyo, lakini mzima. Kanuni ilikuwa kwamba nikilala angalau asilimia 85 ya muda ninaokaa kitandani, wiki inayofuata naongezewa dakika 15. Robo saa ile nilikuwa naifurahia kuliko nyongeza ya mshahara.

Sharti jingine linatokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, mwaka 1972: kitanda kiwe cha usingizi, na usingizi usipokuja, toka. Wengi hutaja dakika 20. Sasa, utazijuaje dakika 20 nawe umekatazwa kutazama saa? Mimi nilijiwekea kipimo changu: nikianza kukasirika, nainuka. Natoka chumbani, nakaa kwenye mwanga hafifu na kitu kisichonisisimua, narudi kope zikilemea. Zipo siku nilirudi nikatoka tena.

Kuhusu kahawa, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini kwa wastani wa saa 5 baada ya kuinywa, hivyo kikombe changu cha mwisho kikawa cha asubuhi. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humkatizia usingizi alfajiri. Mwanga wa jua asubuhi ulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwani saa ya mwili hujipanga kwa mwanga. Simu nilikuwa naiacha nje ya chumba, ingawa kwa maoni yangu inabebeshwa lawama nyingi kuliko inavyostahili. Kuna watu hawana simu kitandani na bado wanakesha.

Tena kabla ya yote haya daktari aliniuliza kama nakoroma na kukatika pumzi usingizini. Jibu likiwa ndiyo, tatizo ni jingine na linahitaji vipimo vyake. Huko dawa za usingizi zinaweza hata kudhuru.

Siku hizi napanda kitandani saa 5:15 usiku. Usiku mbaya bado hunitembelea, hasa nikiwa na jambo zito la kesho yake. Ukija, asubuhi yake naamka saa 12:00 ileile, sijilazi mchana, na jioni sipandi kitandani kabla ya wakati hata nikiwa hoi. Kwa kawaida usiku wa pili yake nalala. Vidonge vilivyobaki nilivirudisha kwenye duka la dawa ili wakaviteketeze.