Kidude kwenye mkono wa mama

Mama ana kisukari kwa miaka 15 sasa, na vidole vyake ni mashahidi. Kila asubuhi ilikuwa kuchoma kidole, kukamua tone la damu kwenye stripu, kisha kusubiri namba huku amekunja uso. Siku hizi amebandikwa kidude cha duara cha kupima sukari nyuma ya mkono, ukubwa wa sarafu, na namba zinaingia zenyewe kwenye simu yangu.

Wiki ya kwanza kilitutesa. Saa nane usiku simu ikalia: sukari imeshuka! Nikakimbia na glasi ya juisi, nikamkuta amelala fofofo, tena amekilalia. Nikampima kidoleni: 6.1, wala haijashuka. Kumbe kikigandamizwa hudanganya, maana hakipimi damu yenyewe bali majimaji yaliyo chini ya ngozi. Hata kikiwa kizima huwa kinaifuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Juisi niliinywa mimi.

Hata hivyo silalamiki, maana zamani ilikuwa ngumu zaidi: mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini, dawa ya kushusha sukari, mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alichomwa Januari 1922. Kabla ya hapo dawa kubwa ilikuwa kushinda njaa.

Jana nikiwa kazini nikampigia. “Shikamoo mama. Mbona imepanda hivi?”

Kimya kidogo. “Nani kakwambia nimekula keki?”