Ugomvi wa buku jero

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kupanga na mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mbele anakaa dada mwenye friji la barafu, katikati ni mimi na cherehani yangu, uani kuna kaka mmoja asiye na kitu zaidi ya redio na chaja ya simu. Umeme tunanunua kwa zamu, elfu tano elfu tano, kila mtu mara tatu kwa mwezi.

Mpango ulikuwa mzuri mpaka Agosti 2021, kodi ya jengo ilipohamia kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ikawa inakatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na inakatwa kwa yule anayenunua wa kwanza. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa kweli nilifurahi kidogo, maana buku haigawanyiki kwa watatu, buku jero inagawanyika. Jero jero, yamekwisha.

Wapi! Zamu ya kwanza ya mwezi ikawa kama zamu ya kuosha choo. Siku ya kawaida elfu tano inakupa yuniti 14. Tarehe mosi elfu tano hiyohiyo inakupa yuniti 9.8, halafu wenzako wanakuangalia kana kwamba nyingine umezila. Kuna mwezi tulikaa gizani siku mbili, watu wazima watatu, kila mmoja akidai zamu si yake. Na kusema tusinunue kabisa haisaidii: mwezi ukipita bila kununua, deni linakungoja, unakatwa 3,000 kwa mpigo.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. "Shikamoo mama. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Basi tukate elfu kumi na nane ya mwaka kwenye kodi ya chumba." Akaitikia salamu vizuri tu, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwanangu, jengo langu halijawahi kuwasha taa. Wanaowasha ni nyie." Kisheria nilikuwa na haki. Chai nikanywa, nikarudi.

Machi 2024 nikakaa na daftari la wateja wangu wa nguo, nikageuza ukurasa wa nyuma. Tulikuwa tunatoa 45,000 kwa mwezi. Toa 1,500, inabaki 43,500. Yuniti ya sisi wa kawaida ilikuwa shilingi 292, juu yake asilimia 18 ya VAT, 3 ya REA (umeme wa vijijini) na 1 ya EWURA (wasimamizi wa nishati), jumla 356 na senti. Kwa hiyo tulikuwa tunapata yuniti 122. Humo ndani VAT peke yake ni zaidi ya 6,400, na hakuna aliyewahi kulala gizani kwa ajili yake, kwa sababu haimkati mmoja akawaacha wawili.

Kilichonifanya niweke kalamu chini ni yule bibi jirani wa nyuma. Ana mita yake, anaishi peke yake, na kwa elfu mbili anapata yuniti 16. Yuko kwenye daraja la matumizi madogo, la watu wasiozidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa yuniti, ukiongeza makato inafika 122. Sisi kila mmoja peke yake yuko chini ya 75, hata dada wa friji akimeza 60. Tukijumlishwa kwenye mita moja tunaonekana familia ya matajiri. Yuniti zetu 122 kwa bei ya bibi zingekuwa kama 14,900. Yaani tulikuwa tunagombea 1,500 huku 28,600 zikitoka kila mwezi kimyakimya.

Mita mpya mjini, mahali pasipohitaji nguzo, ilikuwa 320,960. Mbili, maana moja tunayo, ni 641,920, zinarudi kwa miezi 22 na ushei. Tena daraja lenyewe huingizwi kwa kuomba tu, wanaangalia matumizi yako kwanza.

Na kwa sababu ya mita hiyo ya ushirika, mwiko mkubwa wa nyumba ni kupikia umeme. Mimi napikia gesi, mtungi wa kilo sita, 24,000 kuujaza. Tarehe naiandika kwa maka peni ubavuni mwa mtungi. Hukaa siku 23, kama 1,040 kwa siku. Shida ni maharage. Siku moja niliazima mizani ya muuza samaki, nikapima mtungi kabla na baada ya kuchemsha kilo moja: gramu 300 zimekwenda, sawa na shilingi 1,200. (Muuza samaki bado ananitania kwamba nauza gesi kwa robo.) Kwa mdogo wangu Kigamboni, kilo hiyohiyo kwenye presha kuka ya umeme ilikula nusu yuniti. Hata kwa bei yetu ya 356, haifiki 180. Mtungi wa kilo 15 usiniulize: ukiujaza kwa 58,000 unaokoa elfu mbili tu kuliko kununua gesi hiyohiyo kwa mtungi mdogo.

Nilimpelekea mama mwenye nyumba hesabu ya mita. Akaisoma mpaka mwisho, miwani puani. "Mkihama, mita mtaondoka nazo?"

"Hapana mama, zitabaki ukutani."

"Basi fungeni," akasema. "Na vyumba vyenye mita yake nitavipandisha elfu kumi."

Elfu kumi kila chumba ni elfu thelathini, na tunachookoa ni 28,600. Kaka wa uani alipoisikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka kwamba kesho ni tarehe mosi.