Mama wa Kanada na gofu la Eilean Donan

Nilipokuwa nasoma Edinburgh, Jumamosi nilikuwa nashinda katika duka dogo la picha za zamani za kuchapwa kwa mabamba, si za kamera, mtaa wa chini ya ngome ya mji. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga droo, kufuta vumbi na kuwachangamkia watalii. Mwenye duka, mzee asiyependa maneno mengi, alinifundisha kuitambua picha ya zamani ya kweli, kwa vidole kwanza. Pitisha kidole ukingoni mwa mchoro: bamba la shaba linapokandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu huacha alama iliyodidimia pande zote nne. Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia. Ukiona mistari iliyochimbwa, inayonenepa na kukonda, endelea kutazama. Ukiona vinukta vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni kazi ya mashine ya juzi tu.

Makasri ya Uskoti ndiyo yaliyokuwa yakilipa pango. Zilikuwapo picha za John Slezer, mhandisi wa jeshi aliyetoa kitabu chake mwaka 1693 akaishia kuandamwa na madeni. Za Francis Grose, za 1789 hadi 1791, zilikuwa ndogo na za bei nafuu. Mimi nilizipenda za Billings, za kati ya 1845 na 1852. Yule bwana alichora ukuta jiwe kwa jiwe, hana habari na ukungu wala mbalamwezi. Nyingi zilikuwa zimechanwa vitabuni, jambo ambalo sijalipenda hadi leo, lakini biashara ile ndivyo ilivyo.

Basi mchana mmoja wa Agosti, mvua inanyesha, akaingia mama mmoja kutoka Kanada na mumewe. Alikuwa wa ukoo wa MacRae, na alitaka kasri la ukoo wake, Eilean Donan, picha ya zamani kuliko zote tulizokuwa nazo. Akatoa mkobani kopo la biskuti ili tusikosee. Kwenye kifuniko palikuwa na kasri zima, mnara na paa lake, na daraja la mawe linalovuka maji.

Nikamletea ya William Daniell, msanii aliyeizunguka pwani ya Uingereza na Uskoti na kuichapisha safari hiyo kati ya 1814 na 1825. Shaba yake ililiwa na asidi, ndiyo maana mawingu yake yana vivuli laini, kisha rangi zikapakwa kwa mkono. Milima ilikuwapo, maji yalikuwapo, na kisiwani kuta zilizobomoka. Daraja hakuna.

Mama akaitazama picha, akalitazama kopo. Akanigeukia mimi, si mzee, akaniambia polepole, neno moja moja, kana kwamba Kiingereza nimeanza kujifunza jana, kuwa yeye anataka Eilean Donan.

Mzee akaniachia uwanja kwa kunikonyeza. Nikamweleza yule mama kwamba mwaka 1719 waasi waliotaka kuurudisha ufalmeni ukoo wa Stuart uliopinduliwa waliweka askari wa Kihispania mle ndani, zikaja manowari za serikali zikalipiga mizinga, kisha lililosalia likalipuliwa kwa baruti. Likakaa gofu karibu miaka 200. John MacRae-Gilstrap alilinunua mwaka 1911, na ujenzi ukakamilika 1932, daraja likiwa humohumo.

“Kwa hiyo, mama, ukiuziwa picha ya 1800 yenye daraja hilo, umeibiwa.”

Mumewe, ambaye muda wote alikuwa akikung’uta mwavuli mlangoni, akauliza wazee wa mkewe walihamia Kanada lini. Enzi za Malkia Victoria, akajibu mkewe. “Basi waliliacha hivi,” akasema mume, akiionyesha picha kwa kidevu.

Yule mama akaniomba kioo. Aliinama juu ya kile kisiwa muda mrefu hadi wateja wengine wawili wakachoka kusubiri wakatoka. Alipoinuka aliuliza bei, akaomba apunguziwe, akakataliwa, akaomba tena kwa sauti ambayo Kariakoo ingemfaa. Mzee hakushuka hata senti.

Akalipa. Kisha akataka na nyingine ya kumpelekea dada yake. Nikamfungulia droo ya Billings, akachagua picha ya kasri la Glamis, iliyokamilika minara na paa. Dada, alisema, hana subira ya kusikiliza habari za baruti.