Siku moja na funguo za maabara

Saa 12:45 asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya kata nje kidogo ya Morogoro. Kabla hata ya chai nafungua madirisha yote, kisha mlango wa stoo, nasimama nje hewa ipite. Kabati la kuvuta mvuke hatuna.

Leo shingo ya chupa ya asidi hidrokloriki ina unga mweupe. Mgeni angedhani ni vumbi la chaki. Ni kloridi ya amonia: mvuke wa asidi umekutana na wa amonia, kwa hiyo kuna mtu alizirudisha chupa hizo mbili rafu moja. Nazitenganisha. Asidi zote zikae chini kabisa, nitriki mbali na spiriti na asetoni. Kupanga kemikali kwa alfabeti kunawapendeza wakaguzi tu.

Saa 1:30. Kidato cha nne wana taitresheni, kupima nguvu ya asidi kwa kuichanganya na besi tone kwa tone, nachanganya asidi. Salfuriki ya dukani ni kama asilimia 98, hivyo lita moja ya 0.1 M (molari, kipimo cha ukolezi) inataka mililita 5.5 hivi tu. Maji robo lita kwanza kwenye bika, kikombe cha kioo cha maabara, ndipo asidi, ikitiririka ubavuni huku nakoroga. Bika linapata uvuguvugu mkononi. Ukigeuza, ukamwagia asidi maji, yanachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Najazia maji hadi lita, nabandika lebo kabla ya kufanya kingine chochote.

Saa 4:00. Wanaingia. Ncha za hijabu ndani ya koti, madaftari chini ya meza. Mipira ya kuvutia kimiminika kwenye pipeti, mirija ya kupimia, haitoshi, wanapokezana.

“Madam, kaka yangu alikuwa anavuta kwa mdomo.”

“Kaka yako alibahatika. Wewe subiri zamu yako.”

Saa 5:20. Binti mmoja kamwagikiwa hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, kifundoni mwa mkono. Haimuumi, ndiyo maana hajasema. Nimemwona anajifuta kwenye sketi. Asidi kali hukupigisha kelele, lakini soda hii inakula ngozi kimyakimya. Ukigusa panateleza kama sabuni. Wenzake tayari wanashauri ndimu “iue” soda. Ndimu ya nini? Maji ya simtanki, jagi baada ya jagi, dakika 20 kwa saa ya ukutani, naye ananung'unika kwamba anakosa zamu ya bureti, mrija wa kudondoshea. Atarudia kesho.

Saa 7:00. Mwalimu mmoja kamtuma mtoto na chupa ya soda nimwekee asidi kidogo ya betri ya pikipiki. Namrudisha na chupa yake tupu. Mwalimu amenuna, atanunua dukani. Asidi iliyochanganywa haina rangi, na chupa ya soda mtu akiikuta mezani saa ya kiu hatauliza.

Saa 8:30. Kuosha vyombo. Mashapo ya manjano ya iodidi ya risasi (madini yenye sumu), ya kidato cha tatu, yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Sinki letu linamwaga kwenye bustani ya mchicha, na mchicha huo tunaula sisi.

Saa 9:30. Nampelekea mkuu wa shule oda: glovu, mipira ya pipeti, miwani ya kinga. Glovu na mipira amesaini. Miwani, anasema, isubiri ruzuku. Nimeacha nakala mezani kwake, na Jumatatu nitapita tena.