Ukuta wa Juu ya Vernazza

Wageni wengi wanaoshuka treni Vernazza, kijiji cha pwani ya Italia, huelekea moja kwa moja bandarini, kwenye kanisa la Santa Margherita lililo ukingoni mwa maji. Asubuhi ile ya Machi tuliipa bahari mgongo, tukashika njia ya mawe inayopanda kwenda kanisa la Reggio, juu ya kijiji. Tulikuwa wanne, tukienda kujenga upya ukuta wa mawe wa shamba la mizabibu uliokuwa umeanguka: mita 3 kwa urefu, karibu 2 kwenda juu.

Cinque Terre nzima, vijiji vitano vya pwani hii pamoja na miteremko yake, imeshikiliwa na kuta kama hizo. Mlima ni mkali. Ukuta ukienda, udongo nao unaenda, na mizabibu juu yake. Tarehe 25 Oktoba 2011, mvua ilipoijaza Vernazza matope, matuta yaliyotelekezwa yalichangia maafa yale. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ufundi huu wa kujenga bila saruji katika orodha ya urithi wa binadamu, lakini anayetaka kuuona uzuri wake hana budi kupanda huku juu.

Chanzo cha kuanguka kilionekana wazi. Nyuma ya mawe palijazwa udongo mtupu. Maji ya mvua yalikosa pa kupitia, udongo ukalemea mbele, ukuta ukatoa tumbo, kisha ukaporomoka.

Mzee aliyetuongoza hakuturuhusu kujenga mpaka saa nne ipite. Kwanza tulichambua kifusi: mawe makubwa ya msingi kando, ya uso kando, marefu ya kufungia kando, na vipande vidogo, vingi kuliko vyote, juu kabisa ya tuta. Tukachimba mpaka sururu ikagonga mwamba. Mawe ya msingi tuliyalaza yakiinamia mlimani, tukafunga uzi kwenye vigingi vilivyolalia nyuma, kiasi cha sentimita 10 hadi 15 kwa kila mita ya kimo.

Jiwe langu la tatu lilipendeza sana, uso wake mpana ukitazama nje. Mzee aliligusa kwa ncha ya kiatu, likatoka. Akaligeuza: ncha nyembamba nje, urefu wote ukazama ndani ya ukuta. Alilikanyaga, halikucheza. Jiwe lililolazwa ubavu huonekana kubwa, lakini halina kinacholishika nyuma. Kila jiwe likalie mawili, lifunike kiungo cha chini yake. Viungo vikifuatana wima, ufa umeshapata njia.

Kujazia nyuma ndiko kulikokula muda. Vipande vidogo havimwagwi kwa koleo; hupangwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, sambamba na uso unavyopanda. Ukimwaga tu, vinakaa ovyo, baadaye vinatitia na kuusukuma ukuta.

Jua lilipokaribia bahari tulikuwa tumepita mita moja kidogo. Mzee alimwaga ndoo ya maji nyuma ya ukuta, akachuchumaa mbele yake. Punde yakachuruzika chini, kati ya mawe ya msingi, bila kubeba udongo.