Nilihesabu Makosa Yake, Nikakutana na Yangu

Nina mwenzangu kazini ambaye hukata watu kauli. Hujamaliza sentensi, yeye keshaingia. Kwa muda mrefu nilimvumilia, ila kwa ule uvumilivu wa kununa: mdomo umefungwa, moyoni unaweka hesabu.

Siku moja nikaamua hesabu iwe ya kweli. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, na kwa idhini ya wote nilikuwa nikirekodi kwa simu. Nikajiambia, leo nampata. Jioni nikakaa na kalamu, kila anapomkatiza mtu napiga alama. Akapata alama 4. Lakini kulikuwa na sauti nyingine iliyodakia zaidi, ya haraka haraka, kila mara ikianza na "Hapana, ngoja." Ilinichukua muda kukubali kuwa ni yangu. Nikairudia rekodi tangu mwanzo. Alama 11.

Basi nikaanza kujitetea, tena peke yangu chumbani. Pale muda ulikuwa unakwisha. Pale nilikuwa nasahihisha tarehe. Kila alama yangu ilikuwa na sababu. Zake zote nne zilikuwa na jibu moja tu: ndivyo alivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, aliliandika jambo hili mwaka 1977: mwenzetu akikosea tunakimbilia kulaumu tabia yake, tunasahau mazingira yaliyomsukuma. Wahenga walitumia maneno matatu: nyani haoni kundule. Methali hiyo nimeitumia miaka yote, na sikumbuki hata mara moja kuielekeza kwangu.

Nilijaribu kunyamaza kabisa, nikashindwa siku ya pili. Kilichonifaa ni daftari. Nachora mstari katikati ya ukurasa, kushoto alama zangu, kulia za wengine, na za kulia siziandiki bila kuongeza sababu moja inayoweza kuwa ya kweli. Kutafuta sababu kunachukua muda, na ndani ya muda huo hasira inapoa yenyewe. Kuna siku sababu ilinikosa kabisa, ikabidi nimuulize mwenyewe. Akaniambia wazo asipolisema papo hapo linampotea. Kumbe! Mimi nikijichunguza, nadakia kwa kuogopa kuonekana sijui. Sijui nani hapo ana kasoro kubwa zaidi, ila nina wasiwasi ni mimi.

Si kwamba namwachia kila kitu. Alipomkatiza mgeni aliyekuwa akieleza shida yake, nilimwambia baadaye tukiwa wawili. Nilianza kwa kumtajia zile 11 zangu. Hakubisha.

Jana alinikata kauli tena, na damu ikanichemka kama zamani. Nikafungua daftari ili nimwandike. Upande wa kushoto nilikwisha kuwa na alama mbili, na saa nne asubuhi haijafika.