"Nice" mara kumi na moja

Insha ilihusu harusi ya mjomba wangu kule Korogwe. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka 2004. Chakula nilikiita nice, biharusi nice, ngoma nice, hata mvua iliyotunyea tukirudi nayo ilikuwa nice. Mwalimu aligawa madaftari yote, la kwangu akabaki nalo mkononi. Kila nice ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na chini ya ukurasa kaandika idadi: 11.

Nikajiandaa kwa fimbo. Kumbe ananituma maktaba nikalete kamusi kubwa, ile iliyong'oka jalada ikashonewa kipande cha khanga.

"Tusomee hilo neno lako. Kwa sauti."

Maandishi yalikuwa madogo kama ulezi. Nikasoma huku nikiburuza kidole, naye anatufasiria. Asili yake Kilatini, nescius: ne ni kukanusha, scire ni kujua. Asiyejua, basi. Likapita kwa Wafaransa, na Waingereza walipolipokea, kwenye miaka ya 1300 hivi, ukimwita mtu nice umemwita mpumbavu. Hapo darasa likaangua kicheko. Baadaye likawa la mtu mchaguzi, asiyeridhika upesi. Kisha likahamia kwenye tofauti ndogo ambayo jicho la haraka haliioni, na maana hiyo Waingereza wanayo mpaka leo. Kusifia kitu kwamba kinapendeza kumekuja karne ya 18. Mwalimu akaongeza kwamba Jane Austen, katika riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, alimpa mhusika wake mmoja kazi ya kulikejeli neno hilo, eti linafaa kwa kila kitu.

"Kama wewe na mvua yako," akaniambia.

"Mwalimu, kwa hiyo biharusi alikuwa mpumbavu?" akauliza mmoja wa dawati la nyuma. Yeye huyohuyo ndiye aliyenibandika jina la Nescius, nikalibeba mpaka kidato cha nne.

Jioni nikafika nyumbani nimenuna. Bibi alikuwa amepika changu wa nazi, na njaa haina kinyongo. Tonge la pili tu, nikasahau yote.

"Bibi, samaki huyu hatari!"

Akatupa mwiko, akanidaka kidevu.

"Achama! Achama nikuone! Mwiba umekukwama wapi?"